Kufundisha Kiingereza Pasipo Kumfunga Mtoto Kinywa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Mwaka, Nyeri)



Mwaka huu baadhi ya wazazi waliiomba Kamati ya Elimu itoe fedha za kununulia vibao vya kuvikwa watoto wasikiwao wakisema Kigikuyu shuleni. Tulilitafakari ombi hilo, nasi tukalikataa. Yatupasa kuwaeleza sababu.

Hatukidharau Kiingereza. Baada ya ugomvi na misheni mwaka 1929, wazee wa nchi hii walijenga shule zao wenyewe, na miongoni mwa mambo waliyoyataka ni watoto wafundishwe Kiingereza. Shule hizo zilifungwa na serikali siku za Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Basi kiu hii ni ya zamani. Lakini wazee wale walitaka walimu, hawakutaka vibao.

Wala kibao si kitu kipya. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka 1986, alieleza jinsi mtoto aliyenaswa akisema Kigikuyu alivyochapwa au kuvikwa bamba la chuma lenye maneno ya kumwita punda, na jinsi watoto walivyonaswa kwa kitufe kilichopitishwa toka mkono hadi mkono. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kunyamaza, na kumpeleleza mwenziwe. Kiingereza chatoka kinywani. Kinywa kikifungwa kitatokea wapi?

Mwalimu ajuaye Kigikuyu ana faida kubwa, nayo hutupwa bure. Yeye ajua ya kwamba lugha yetu haina sauti ya "l", ndiyo maana mtoto huchanganya "rice" na "lice". Ajua pia ya kwamba "b" yetu si ile ya Waingereza, hata mtoto akatanguliza "m" mbele ya "boy". Kumcheka hakumsaidii. Mwalimu na achore mchele upande mmoja wa ubao na chawa upande wa pili, atamke neno moja, na mtoto aonyeshe kwa kidole. Sikio likisha kuzoea, wabadilishane: mtoto atamke, mwalimu aonyeshe. Mwalimu akionyesha chawa mahali pa mchele, darasa zima litacheka pamoja na mtoto, wala si kumcheka yeye.

Hadithi nazo zina nguvu. Kisa cha sungura kisimuliwe kwanza kwa Kigikuyu, kisha kwa Kiingereza chepesi, halafu watoto wakiigize. Karatina wana soko kubwa. Watoto na wauziane viazi na kabichi darasani kwa Kiingereza. Nanyuki, ambako watoto wa makabila mengi huketi dawati moja, Kiswahili kitakuwa daraja.

Wako waogopao ya kwamba lugha ya nyumbani itawachelewesha watoto. Mtaala wa umilisi, ulioanza nchini kote mwaka 2019, wenyewe wataka lugha ya mahali itumike katika madarasa matatu ya kwanza. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma kwa lugha aielewayo hahitaji kufundishwa tena maana ya kusoma.

Kwa hiyo Kamati yaomba fedha zile zilizotajwa kwa vibao zinunue vitabu vya hadithi, vya Kiingereza na vya Kigikuyu, viwekwe mahali watoto wawezapo kuvishika. Mweka Hazina atasoma bei sasa hivi. Seremala aliye tayari kutengeneza rafu na amwone Katibu kabla ya chai.