Usisaini Usichokielewa: Niliyoyasema Ngerengere

Reli ya SGR inayopita hapa ilijengwa na Waturuki na Wareno. Kazi kwa wageni tunazijua.

Kaka yangu alisaini mkataba wa Kiingereza kwa kampuni moja ya kigeni bila kuuelewa. Aliona aibu kuuliza. Mimi nasoma sheria, na bado kwenye usaili sauti ilinikauka. Jamani, huo siyo ujinga! Miaka saba umefundishwa kwa Kiswahili, kidato cha kwanza ghafla Kiingereza, ukikosea darasa zima linacheka.

Sasa sikilizeni. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Usipoyaelewa, akufafanulie mpaka uelewe. Siyo fadhila hiyo. Mwambie: “Bosi, hapa sijaelewa, naomba kwa Kiswahili.”

Nani anakuja hapa mbele tujaribu? Mimi ndiye bosi.