Kiwanja ni yetu wote: tuulizane kwanza, kisha tusaini

Maneno tuliyosema mbele ya wakaaji wa kartiye yetu, Lubumbashi, siku ya salongo

Hatutakawia, juu jua ni kali na kiwanja hiki kiko na mwembe moja tu ya kutupatia kivuli.

Tunaanza na kuomba samahani. Miezi miwili iliyopita, sisi vijana saba tulijifungia ndani ya nyumba, tukachora plani ya kiwanja kwenye telefone. Tuliweka uwanja wa basketi, viti vya simiti, na ukuta mkubwa wa kuandika jina la kartiye. Tulifurahi sana. Hatukuuliza mtu. Halafu mama mmoja mwenye kuuzisha makala pale pembeni akaangalia ile picha, akasema: “Batoto bangu, na maji ya mvua mutaipitisha wapi?”

Pale tulipoweka basketi, njo maji inapita kila mwaka, kuanzia mwezi wa 11 mpaka mwezi wa 4. Kila mwenye kuishi hapa anajua. Sisi pia tunaishi hapa, lakini hatukufikiri.

Tukafuta ile plani. Kwa juma mbili tuligawana saa: wengine asubuhi mapema, wengine saa sita, wengine jioni. Kila mtu aliyepita tulimuuliza maulizo mawili tu: unakujaka hapa kufanya nini? Na nini inakukataza kukaa?

Batoto wa masomo wanataka kivuli na nafasi ya mpira. Ba mama wa makala na wa mboga wanataka mahali pao pajulikane, wasifukuzwe leo na kurudi kesho. Ba papa wazee wanataka viti, lakini chini ya miti, hapana simiti inayochoma mchana. Bandada walituambia jambo lililotunyamazisha: giza ikiingia, hawakatishe tena kiwanja. Wanazunguka njia ndefu, na bido ya maji kichwani. Wanaomba taa mbele ya kitu kingine chochote. Ukuta wa jina? Hakuna hata mtu mmoja aliyeomba.

Tuseme pia penye hatukubaliani. Vijana wa mpira wanataka kiwanja chote. Ba mama wanataka upande wa barabara, juu njo wateja wanapita. Wote wako na haki. Ndiyo maana leo tumekuja na kamba: tutapima pamoja, mbele ya macho ya kila mtu, na hatutatoka hapa kabla ya kupata mpaka ambao pande zote mbili zinaukubali.

Sasa jambo la haraka. Mumeona zile borne mbili za simiti upande wa kule. Kila tuliyemuuliza anasema hajui nani aliziweka. Mu muji yetu tunajua vile inaanzaka: kwanza watu wanasema “hiyo ni nafasi ya bure”, kisha borne, kisha ukuta, na asubuhi moja batoto wanakuta mlango umefungwa.

Lakini hii nafasi si ya bure. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema mali ya Serikali iliyowekwa kwa matumizi ya watu wote haiuzwi, isipokuwa kwanza imeondolewa kwenye matumizi hayo kwa njia ya sheria. Basi atakayekuja na karatasi, tumuombe kwa heshima atuonyeshe uamuzi huo. Hapana kupigana, hapana kuvunja. Tuulize, tuandike, tupige picha.

Katiba ya 2006 nayo inatupatia nguvu mbili. Artikle 53 inasema kila mtu ana haki ya kuishi mu mazingira safi, na tena ana lazima ya kuyalinda. Artikle 27 inasema kila Mkongomani, peke yake ao pamoja na wenzake, anaweza kuandikia wakubwa barua ya maombi, na wao wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu.

Miezi mitatu. Wengi wetu tulikuwa hatujui. Tunalalamika kwenye telefone kila siku, lakini kilio cha telefone hakina tarehe ya kujibiwa.

Na si ndoto. Wenzetu wa Kivu ya Kusini, mu komini kama Ibanda na Bagira, walishajaribu budje ambayo raia wenyewe wanakusanyika na kuchagua kazi gani ifanywe kwanza. Kama walikaa pamoja kule, na sisi tunaweza kukaa.

Barua yetu iko tayari kwenye meza. Inaomba vitu vinne: borne zielezwe, kiwanja kiandikwe wazi kuwa cha watu wote, taa ziwekwe kwenye njia ya katikati, mfereji wa maji utengenezwe. Soma kwanza, uliza, kisha saini. Asiyejua kusoma tutamsomea yote, hata mara tatu. Tutapeleka kopi mbili, na yetu itarudi na muhuri na tarehe ya kupokelewa, juu miezi mitatu inahesabiwa na tarehe, haihesabiwi na hasira.

Yaliyo ndani ya mikono yetu hatungojei mtu. Leo tunafungua mfereji kwa majembe. Mvua ikianza, tunapanda miti, na kila muti utakuwa na nyumba inayoutunza, juu muti bila mwenyewe haupite mwaka wa jua.

Wenye kamba watangulie. Ba mama, tuonyesheni maji inapita wapi.