Kilo Nane Zinazopotea Mtungini: Kupanga Bei ya Asali Katika Eneo la Majani Chai

Maelezo yaliyotolewa kwa wafuga nyuki wa Kericho na Bomet



Katika kituo cha kununulia majani chai, iwe ni upande wa Litein, Mogogosiek au Kapkoros, hakuna mkulima anayegeuza uso wakati mizani inasomwa. Husimama pale pale, macho kwenye tarakimu, na karani akipunguza nusu kilo kwa sababu ya gunia au umande, maneno hutoka. Mkulima huyo huyo akifika nyumbani na kumkuta mchuuzi wa asali langoni, humpa mtungi wa lita 20 bila mizani yoyote, kwa bei ya "kilo 20", kisha humsindikiza hadi barabarani na kumshukuru.

Mtungi huo ungekuwa na kilo 20 kama ungejazwa maji. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja, lakini lita moja ya asali iliyokomaa ina takriban kilo 1.4. Kwa hiyo mtungi wa lita 20 uliojaa asali una takriban kilo 28. Mchuuzi analijua hilo. Atakapofika mjini atauza kwa kilo, na zile kilo nane za juu ni zake bila kulipia hata senti.

Hasara hiyo hupatikana hata bila mchuuzi. Chupa ya soda ya mililita 500 ikijazwa asali hubeba takriban gramu 700. Anayeiuza sokoni Silibwet au Kapkatet akiiita nusu kilo, anatoa gramu 200 za bure kwa kila mteja. Baada ya chupa tano, kilo nzima imekwenda.

Si kwamba wafugaji hawajui hesabu. Ni mazoea ya zao lenyewe. Bei ya majani chai hupangwa mbali: majani huenda kiwandani, chai iliyosindikwa hupelekwa mnadani Mombasa, na mkulima hupokea malipo ya mwezi kisha husubiri bonasi. Anaweza kulalamika, lakini hatamki bei. Mtu aliyeishi hivyo miaka mingi akianza kufuga nyuki, huja na tabia ile ile ya kungoja aambiwe. Mchuuzi hutaja bei, naye huitikia. Asali haina mnada wa Mombasa. Bei yake husemwa pale langoni, na anayeisema kwanza huwa amejiandaa.

Kujiandaa ni kujua kilo moja imemgharimu mfugaji kiasi gani. Hapa inafaa kwenda polepole, kwa mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu. Kila mmoja aweke za kwake.

Mfugaji ana mizinga 10, kila mmoja aliununua kwa shilingi 5,000, na anatarajia udumu miaka 10. Kwa mwaka, kila mzinga unakula shilingi 500, yote pamoja 5,000. Mavazi ya kujikinga, bomba la moshi, ndoo na chujio vilimgharimu shilingi 9,000 na vitadumu miaka mitatu: hiyo ni 3,000 kwa mwaka. Nauli na kubeba mizigo, 2,000. Halafu kazi. Kukagua mizinga, kufyeka nyasi, kuzuia siafu, kurina na kuchuja huchukua jumla ya siku 30 kwa mwaka, na kibarua angelipwa shilingi 500 kwa siku: shilingi 15,000. Jumla kuu ni shilingi 25,000.

Hapo kwenye kazi ndipo wengi hupinga. "Kazi ni yangu mwenyewe, sijilipi." Lakini zile siku 30 angeweza kuchuma majani chai yake au ya jirani akalipwa. Na mama anayekaa usiku kucha akichuja asali jikoni hafanyi mchezo, hata kama hakuna anayeandika saa zake daftarini.

Sasa mavuno. Mizinga ni 10, lakini nyuki hawakuingia yote. Saba ina nyuki, mitatu imekaa tupu, na gharama ya ile mitupu imo ndani ya hesabu. Kila mzinga wenye nyuki umetoa kilo 10 za asali iliyochujwa, jumla kilo 70. Gawanya shilingi 25,000 kwa 70: kila kilo imegharimu takriban shilingi 357.

Mchuuzi anatoa shilingi 400 kwa kilo. Mfugaji anaona faida ya shilingi 43 na anakubali. Lakini kilo zake 70 zimejaza mitungi miwili na nusu, na mchuuzi anauhesabu kila mtungi kuwa kilo 20. Analipa kilo 50, yaani shilingi 20,000. Mfugaji ametumia 25,000. Kila kilo ya kweli imeuzwa kwa shilingi 286 hivi, na mwaka mzima wa kazi umeishia kwenye hasara ya 5,000. Kwa bei ile ile ya 400, kama mtungi ungepimwa, angepata shilingi 28,000 na kubaki na faida ya 3,000. Hajabadilisha nyuki, mzinga wala mteja. Amepima tu.

Mizani iwe ile iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na afisa wa vipimo. Kikundi kinaweza kuchanga na kununua moja, ikakaa mahali panapojulikana, na wanachama wote wakubaliane kwamba hakuna mtungi utakaotoka bila kupanda juu yake. Mtungi mtupu upimwe kwanza, uzito wake uandikwe kwa kalamu isiyofutika, ili baadaye usizue ubishi.

Bei nzuri hata hivyo hailipwi kwa asali yenye maji, na hili ni tatizo la eneo hili hasa. Mvua ya Kericho na nyanda za juu za Bomet hunyesha karibu mwaka mzima. Nyuki huleta maji matamu ya maua ya mikaratusi, migrevilia, tebeswet na silibwet, na kule Kipkelion maua ya kahawa pia. (Mchai wenyewe hauwafai sana, maana huchumwa kabla haujapata nafasi ya kutoa maua.) Maji hayo ya maua hukaushwa na nyuki kwa kupepea mbawa ndani ya mzinga. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kazi hiyo huchukua muda, na mfugaji mwenye haraka ya karo ya shule hurina kabla haijamalizika.

Kiwango cha kimataifa cha Codex hakiruhusu maji kuzidi asilimia 20 katika asali ya kawaida. Ikizidi hapo, chachu huanza kazi: povu juu, harufu ya pombe, kifuniko kinavimba. Wazee waliotengeneza pombe ya asali wanajua jambo hili kuliko afisa yeyote, kwani wao huongeza maji makusudi. Dukani, chupa moja ikivimba, mwenye duka hurudisha katoni nzima na habari husambaa.

Nyuki wenyewe huonyesha asali ikikomaa, kwa kufunika vishimo vya sega kwa nta nyeupe. Sega ambalo angalau robo tatu yake imefunikwa linaweza kurinwa; ambalo bado liko wazi libaki mzingani. Siku ya mvua si ya kurina wala kuchuja, kwa sababu asali huvuta unyevu kutoka hewani, na ndoo isiyo na kifuniko usiku mmoja wa Julai inatosha kuiharibu. Kikundi kinachouza kwa wingi kitafute refraktomita, kifaa kidogo kinachosoma kiasi cha maji kwa tone moja tu. Mnunuzi mkubwa atakuja na chake, na si vizuri kusikia habari za asali yako kutoka kwake.

Baridi ya hapa huleta shida nyingine, nayo ni ya maneno zaidi kuliko ya asali. Asali huganda. Hufanya hivyo haraka zaidi katika joto la nyuzi 14 hivi, na nyumba nyingi za nyanda hizi hufikia hapo usiku. Mteja akiona chembechembe nyeupe hudhani ametiliwa sukari. Wengine huja na vipimo vyao: wanachovya kijiti cha kiberiti kwenye asali na kujaribu kukiwasha, wanadondosha tone kwenye glasi ya maji, au wanangoja waone kama sisimizi watakuja. Hakuna hata kimoja kinachothibitisha kitu. Muuzaji asibishane. Aandike kwenye lebo kwamba asali halisi huganda kwenye baridi, na kwamba chupa ikiwekwa kwenye maji vuguvugu, yasiyozidi nyuzi 40, itayeyuka. Kuichemsha jikoni ili ikae majimaji dukani kunaharibu ladha na harufu ambazo mteja amezilipia.

Wapo kweli wanaotia sukari. Mmoja akifanya hivyo katika kijiji, anashusha bei ya kijiji kizima, na kikundi kinachomfumbia macho kwa sababu ni shemeji ya mwenyekiti kinajiumiza chenyewe.

Kuhusu mahali pa kuuza, chukua tena zile kilo 70. Zikipakiwa katika chupa za gramu 500 ni chupa 140. Chupa, kifuniko na lebo zikigharimu shilingi 40, hiyo ni 5,600 ya ziada. Kila chupa ikiuzwa kwa shilingi 350, mapato ni 49,000, na baada ya gharama zote hubaki 18,400. Ni mbali sana na ile hasara ya 5,000, mradi chupa zote ziuzwe, na hapo ndipo kazi ilipo. Majirani, walimu wa shule iliyo karibu na wasafiri wa Kaplong wanaweza kumaliza chupa 50 au 60. Zinazobaki zitahitaji duka.

Mwenye duka hutaka faida yake, na mara nyingi hutaka kulipa baadaye. Mfugaji asimpe bei ile ile anayomwuzia jirani kisha ashangae duka likiuza ghali. Wala asiuze langoni kwa bei ya chini kuliko anayoitoza duka, kwani mwenye duka akigundua ataziondoa chupa. Bei mbili zipangwe tangu mwanzo: ya rejareja, moja kila mahali, na ya jumla kwa anayechukua katoni. Deni liandikwe, na shehena ya pili isitoke kabla ya ya kwanza kulipwa. Maduka makubwa yatadai pia nembo ya ubora ya KEBS, na mahali pa kupakia patahitaji kukaguliwa na afisa wa afya ya umma. Kwa mtu mwenye mizinga 10 gharama hiyo ni nzito. Kwa kikundi cha watu 20 wanaochujia mahali pamoja na kutumia lebo moja inabebeka, na afisa wa mifugo wa wadi ndiye wa kuanzia.

Limebaki sega. Baada ya kuchuja, wengi hulitupa nyuma ya nyumba, na nyuki wa jirani huja kupigania mabaki. Lioshwe, liyeyushwe ndani ya maji ya moto na kukamuliwa kwa kitambaa. Likipoa, nta huelea juu kama mkate. Nta haiozi, hivyo inaweza kuwekwa hadi itoshe kuuzwa kwa watengenezaji wa mishumaa, rangi ya viatu na mafuta ya ngozi. Kipande kidogo kisiuzwe. Kipakwe ndani ya ile mizinga mitatu mitupu kabla makundi ya nyuki hayajaanza kuhama, kwa sababu harufu ya nta ndiyo huwavuta kuingia.