HESABU YA DAWA ZA KESHO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Malaba)



Sisi watu wa reli twajua kwamba anayetaka kupanga mabehewa ya kesho hutazama kwanza daftari la jana. Maduka ya dawa ya hapa Malaba na Busia yaweza kufanya vivyo hivyo. Shirika la Maisha Meds, lenye ofisi Kisumu, limetengeneza programu ya simu ya kuandika dawa zilizouzwa na akiba iliyobaki. Kwa hesabu za namna hiyo kompyuta yaweza kukisia mauzo ya majuma yajayo. Mvua ya Machi hadi Mei ikinyesha, malaria huzidi; basi mwenye duka huagiza dawa ya AL mapema.

Lakini tujihadhari. Rafu ikiwa tupu siku tano, daftari litaonyesha kwamba hakuna aliyenunua. Mashine itadhani hakuna aliyeugua, nayo itashauri kuagiza kidogo tena. Mtoto wa mwenzetu atakosa dawa mara ya pili.

Kwa hiyo twawaomba ninyi mnaouza dawa: mteja akirudi mikono mitupu, awe wa upande huu au wa Uganda, andikeni alitaka nini. Nao wenye maduka wasiyafanye makisio kuwa fimbo, wakisema muuzaji asiyefikisha kiasi fulani atakatwa mshahara. Muuzaji mwenye hofu atamwuzia mgonjwa dawa asiyoihitaji.

Hesabu njema hujaza rafu; haimkamui mgonjwa wala mfanyakazi.