GHUBA YA COURRIER NA DAFTARI LA MAJINA

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa nafasi ya kusema machache jioni hii, nasi tumechagua kuwaelezeni habari za mahali ambapo wachache wetu wamepata kupaona, yaani Ghuba ya Courrier, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Madagaska. Pengine mtu atauliza, ghuba hiyo yatuhusu nini sisi watu wa kalamu? Twaomba subira yenu, jibu litakuja.

Ghuba hiyo ni ya upweke. Mbele yake vimetapakaa visiwa vidogo vya mawe ya chokaa yenye ncha kali, na miamba ya matumbawe imejificha chini ya maji. Huko huonekana furukombe wa Madagaska, ndugu wa karibu wa furukombe tunayemsikia akilia katika maziwa yetu, ila huyo wa kule amekuwa haba mno duniani. Kisiwa kimojawapo huitwa Nosy Hara. Neno nosy kwa Kimalagasi maana yake ni kisiwa. Humo wataalamu walimkuta kinyonga ambaye urefu wake wote, tangu pua hata ncha ya mkia, hauzidi sentimita 3. Mchana hukaa katika majani makavu yaliyoanguka. Usiku hupanda kijiti kidogo akalala. Katika mwaka wa 2012 aliandikwa rasmi katika vitabu vya elimu, akapewa jina la Brookesia micra. Twaomba mlikumbuke jambo hilo la jina.

Sasa tuje kwenye vita. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Japani, zilizoruka kutoka manowari, zilishambulia Colombo na Trincomalee, na manowari za Waingereza zikarudi nyuma hata Kilindini. Madagaska wakati ule ilikuwa chini ya Wafaransa waliofuata serikali ya Vichy, na kaskazini yake mlikuwa na bandari kubwa ya Diego Suarez, ambayo leo huitwa Antsiranana. Waingereza waliogopa Wajapani wasije wakaishika bandari hiyo na kukata njia za meli katika Bahari ya Hindi. Mizinga mikubwa ya Wafaransa ilielekea mashariki, kwenye mlango wa bandari. Upande wa magharibi, penye Ghuba ya Courrier, ilidhaniwa kwamba hapana meli iwezayo kupita usiku kati ya miamba ile. Basi huko ndiko Waingereza walikoshukia, alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942. Manowari ndogo iitwayo Auricula iligonga bomu la majini humo ghubani, ikazama. Askari walishika njia kwa miguu kuelekea mashariki, na tarehe 7 Mei bandari ilikuwa imekwisha tekwa. Mwisho wa mwezi huo nyambizi ndogo ya Japani iliingia bandarini usiku, ikaijeruhi manowari kubwa Ramillies na kuizamisha meli moja ya mafuta.

Hapo ndipo watu wetu walipoingia. Mwezi wa Juni 1942 askari wa K.A.R., ambao wazee wetu waliwaita keya, walifika Diego Suarez kutoka Afrika ya Mashariki, wakashika zamu. Mwezi wa Septemba walishuka Majunga, wakasonga mbele hata Tananarive, na vita havikwisha mpaka Novemba. Baadhi ya waliokufa katika vita vile wamelala katika makaburi ya vita ya Antsiranana, na kila aliyejulikana ana jina lake juu ya jiwe. Mjukuu akienda leo ataweza kulisoma.

Lakini tulinganishe na wale waliowatangulia, wapagazi wa vita vya 1914 hata 1918, ambao jina la Kariakoo latokana na kikosi chao. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka wa 1927, yawakumbuka wote kwa pamoja, wala haimtaji hata mmoja. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa, ikakiri ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na yamkini hata 350,000, waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki na Misri.

Yasikitisha, wenzetu. Kinyonga wa sentimita 3 ana jina lijulikanalo duniani kote, naye astahili. Mpagazi aliyebeba mzigo kichwani mpaka akaanguka njiani hana.

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, je, mtu? Kazi ya kuandika ndiyo kazi yetu; hapana chama kingine kiifahamuye kuliko hiki. Kwa hivi twatoa shauri: kila mwanachama aendapo nyumbani kwa likizo, awaulize wazee majina ya waliokwenda na keya au na kariakoo wasirudi. Aandike jina la mtu, jina la baba yake, kijiji chake, na mwaka ukijulikana. Aandike nakala mbili, moja ibaki kwa Katibu wetu, ya pili ipelekwe kwenye nyaraka za taifa. Wazee wakumbukao wanapungua kila mwaka, na wakisha kwenda hapana wa kuulizwa tena.

Twaomba shauri hili liandikwe katika kumbukumbu za mkutano na kupigiwa kura.