Damu ya Aliyepona: Je, Yamfaa Mgonjwa?



Tumepewa nafasi tuseme juu ya maji ya damu ya watu waliopona, yaitwayo plazma, wanayotiwa wagonjwa ambao mapafu yao yameshikwa vikali na virusi. Mtu akiisha kupona, damu yake hubaki na kingamwili zilizovishinda virusi vile. Basi hutolewa damu, chembe zake hutengwa, na yale maji ya manjano hutiwa katika mshipa wa mgonjwa.

Shauri hili si jipya. Mwaka wa 1890, kule Berlin, Behring na Kitasato walionyesha ya kuwa seramu ya mnyama mwenye kinga ya pepopunda yaweza kumkinga mwenziwe. Katika homa kuu ya mafua ya mwaka wa 1918, madaktari wa Marekani waliwatia wagonjwa wa kichomi damu ya waliopona, wakasema wengi wamenusurika. Lakini hawakupiga kura nani apewe na nani asipewe. Kwa hiyo haikujulikana kama ni damu iliyowaponya, au walikuwa wenye nguvu tangu awali.

Ulipokuja UVIKO-19 mambo yakawa yale yale. Kufikia Agosti 2020 wagonjwa zaidi ya 70,000 wa Marekani walikuwa wametiwa plazma pasipo kundi la kulinganisha nao. Sisi makarani twajua ya kuwa daftari laweza kuwa nene na lisiwe na jibu.

Waingereza, katika uchunguzi uitwao RECOVERY, waliwagawa kwa kura wagonjwa 11,558 waliolazwa hospitali. Katika siku 28 walikufa 24 katika kila 100 kwa waliopewa, na 24 vile vile kwa wasiopewa.

Huenda mtu akasema, kumpigia mgonjwa kura ni ukatili. Twajibu: ungekuwa ukatili kama ingalijulikana ya kuwa dawa yafaa. Tena plazma yenyewe ina hatari zake, kwani mara chache huyadhuru mapafu au kumlemea mwenye moyo dhaifu.

Argentina walijaribu kwa njia nyingine. Waliwapa wazee plazma yenye kingamwili nyingi ndani yake, kabla ya saa 72 kupita tangu dalili kuanza. Waliozidiwa pumzi walikuwa 13 katika wazee 80, na kwa wasiopewa 25 katika 80. Sababu yaeleweka: mapema, mwili haujatengeneza kingamwili zake, baadaye zipo tayari, na linaloua ni uvimbe wa mapafu, ambao plazma haiuponyi.

Disemba 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri isitumiwe kwa wasiougua sana, na kwa wenye ugonjwa mkali itumiwe katika uchunguzi tu. Mwezi ule ule Marekani iliibakiza kwa wale ambao kinga ya miili yao imepunguzwa na maradhi au dawa, maana hao huchelewa kutengeneza zao wenyewe.

Kwa sababu hiyo, karani aandikaye kadi ya hospitali asiridhike na tarehe ya kulazwa. Aulize pia ni siku gani homa ilianza.