Spoku 72 za Baiskeli Moja: Kwa Nini Tuchangie Mafundi wa Magurudumu

Hotuba fupi ya mjumbe wa kamati ya fedha katika hafla ya harambee



Nimepewa dakika kumi nieleze fungu la baiskeli lililomo katika bajeti ya mwaka huu. Najua wapo wanaojiuliza mhasibu anatafuta nini kwenye habu na spoku. Jibu ni kwamba kamati ilikuwa na mawazo mawili. La kwanza, tununue baiskeli mpya chache, tuzigawe, tupige picha. La pili, tuwawezeshe mafundi wa Hamugembe kusuka upya magurudumu yaliyotumika, yakasukwa yakabeba mzigo. Mimi nasimamia wazo la pili.

Bodaboda zimechukua abiria, lakini mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa na madumu ya maji bado yanapita kwa baiskeli. Anayeteremsha ndizi kwa barabara ya Kashozi hafungi mkungu mmoja. Baiskeli ya namna hiyo fremu yake hudumu miaka mingi. Kinachokufa ni gurudumu la nyuma.

Tuanze na hesabu. Baiskeli za Raleigh za zamani, na nyingi zilizofuata muundo huo kutoka India na China, zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Jumla ni 72. Baiskeli nyingi za zamani zinazoletwa kama mtumba kutoka Ulaya na Marekani zina 36 mbele na 36 nyuma. Jumla ni 72 vilevile. Idadi ya vyuma ni moja, mgawanyo ndio umetofautiana. Waliogawa 32 kwa 40 walijua kwamba mzigo unakaa kwenye keria, na keria iko nyuma.

Kwa hiyo fundi anayepewa ringi na habu za mtumba huanza kwa kuhesabu matundu. Habu ya matundu 36 inataka ringi ya matundu 36. Kuacha matundu wazi ili vitu viwili visivyolingana vioane ni kuahirisha hasara tu: spoku zinazopakana na pengo hubeba kazi ya zile zisizokuwepo, huchoka mapema, kisha hukatika moja baada ya nyingine.

Baada ya hapo ndipo anapochagua msuko. Kina mama wanaosuka vikapu watanielewa upesi. Spoku inaweza kutoka kwenye habu ikaenda moja kwa moja hadi kwenye ringi, kama miale ya jua. Inaweza pia kutoka kwa mshazari, ikapishana na wenzake wa upande ule ule mara mbili, tatu au nne. Mshazari huo si urembo. Unapokanyaga, mnyororo unaizungusha habu, na habu lazima iivute ringi. Spoku iliyonyooka haina namna nzuri ya kuvuta, lakini ya mshazari inavuta. Ni kama kufunga mkungu kwenye keria kwa mpira: ukipitisha mpira juu mara moja tu, mzigo unakwenda mbele na nyuma, ukiupishanisha unatulia. Mwingereza James Starley wa Coventry alipata hataza ya gurudumu la spoku za mshazari mwaka 1874, na dunia haijaacha kulitumia.

Kanuni ya kazi ni hii. Habu ya matundu 40 isukwe kwa kupishanisha nne. Ya 36 na ya 32, kupishanisha tatu. Ya 28, mbili au tatu. Katika msuko wa tatu, spoku hupita juu ya wenzake wawili wa kwanza, kisha huingia chini ya yule wa tatu ili washikane. Msuko wa moja kwa moja uachwe kabisa kwa gurudumu la nyuma, na kwa gurudumu lolote lenye breki ndani ya habu. Hata mbele una hatari yake, kwa sababu unavuta shavu la habu kuelekea nje, na shavu lililokwisha kuchoka linaweza kupasuka.

Hapa ndipo gurudumu lililotumika linapotofautiana na jipya. Spoku za zamani huacha alama kwenye mashavu ya habu, vijishimo vidogo vinavyoonyesha zilikoelekea. Fundi mzuri huifuta habu, huzisoma alama hizo, kisha hurudisha spoku mpya katika njia ile ile: iliyotokea nje itokee nje, iliyoinama kushoto iinamie kushoto. Akigeuza msuko, spoku itakata shimo jipya kando ya lile la zamani, na chuma kitaanza ufa hapo. Kwa hiyo uamuzi wa msuko kwenye habu kuukuu mara nyingi umekwisha kufanywa, na kazi ya fundi ni kuusoma.

Tatizo ni urefu. Msuko wa nne unataka spoku ndefu kuliko msuko wa tatu, na habu yenye mashavu mapana hutaka urefu wake. Fundi mwenye boksi moja la spoku za urefu mmoja hachagui msuko. Boksi ndilo linalomchagulia. Analazimika kupunguza mapishano ili spoku fupi zifike, au kuokoteza kutoka kwenye magurudumu yaliyokufa. Hilo si kosa la ujuzi wake. Hana mtaji wa kuweka akiba ya urefu mbalimbali.

Na baada ya msuko kuna kukaza. Niwaambie wazi: tofauti kati ya kupishanisha tatu na nne ni ndogo kuliko tofauti kati ya gurudumu lililokazwa sawasawa na lililokazwa ovyo. Fundi huzigonga spoku za upande mmoja akasikiliza. Zikilia sauti moja, zinagawana mzigo. Kisha huzibana mbili mbili kwa mikono ili zikae vizuri, akanyoosha ringi tena. Akimaliza, amwambie mwenye baiskeli arudi baada ya siku chache za kazi aikague.

Ombi letu basi lina mambo matatu. Kwanza, akiba ya spoku za urefu mbalimbali pamoja na nati zake. Pili, stendi za kunyooshea ringi na spana za spoku. Tatu, posho kwa mafundi wazoefu wawafundishe vijana. Spoku hazitagawiwa bure. Fundi atachukua, atasuka, atalipwa na mteja, kisha atarudisha gharama ili akiba inunuliwe tena. Kila gurudumu litaandikwa daftarini: idadi ya matundu, msuko, tarehe, na kama limerudi kabla ya wakati. Daftari hilo litasomwa hapa mwakani, mbele yenu.

Baiskeli mpya tukiigawa bila fundi mwenye vifaa, nayo itavunjika spoku kama nyingine, na tutakuwa tumemsaidia mtu mmoja kwa muda. Fundi aliyekamilika atasuka magurudumu ya mtaa mzima.

Sijaja kuomba mamilioni kwa mtu mmoja. Naomba kila meza ijipime kwa baiskeli: spoku 72, yaani magurudumu mawili. Asiyeweza mawili achangie moja, na akichagua moja, namwomba achague la nyuma. Mzigo uko huko.

 Mungu aibariki Hamugembe yetu.